Nambari ya Simu Haina Mlinzi

Mwisho wa mwezi hapa Kileleshwa kodi inatumwa mbiombio, nambari ikiandikwa kwa kichwa. Kwa maoni yangu hiyo ni kubahatisha na pesa ya nyumba.

Angalia kadi yako ya benki. Tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kupiga hesabu ya zile zingine, mbinu aliyobuni Hans Peter Luhn wa IBM miaka ya 1950. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, mashine inakataa (0 na 9 pekee ndizo huipita). Nambari ya simu, yaani 254 na tarakimu tisa, haina ulinzi huo. Andika 63 badala ya 36 na huenda umepata nambari ya mtu mwingine kabisa, na simu haitashtuka.

Kwa hivyo jina linalotokea unapotuma ndilo mlinzi wako. Lisome lote, si herufi ya kwanza tu.

Na wewe wa duka, hesabu ikikataa jioni, gawa tofauti kwa 9. Ukiandika 4,500 badala ya 5,400, tofauti ni 900, inagawanyika sawasawa. Ikiwa hivyo, tafuta kwanza tarakimu zilizopishana kabla hujamlaumu kijana wa kaunta.