Kukaa Darasani Si Kujumuishwa

Ati mtoto kiziwi akikaa darasani na wenzake wanaosikia, tayari amejumuishwa. Kivipi? Nina wanafunzi 58, na ishara ninazojua zinaishia kwa alfabeti. Wenzake wakicheka, anacheka pia, halafu ananitazama nimweleze kichekesho.

Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya. Sera ya 2018 ikasisitiza elimu jumuishi. Sawa, lakini mkalimani yuko wapi?

Nilipopendekeza ahamie shule ya viziwi, niliitwa mbaguzi, tena na watu wasiojua hata kumsalimia. Huko watoto wanapiga stori kwa mikono bwenini mpaka taa zizimwe. Kwangu anapiga na nani? Mnataka abaki? Basi leteni mkalimani Jumatatu.