Oili Kama Chai ya Maziwa, Halafu "Tuma Hela ya Injini"

Huku Maryland tupo, baridi imeshaingia na asubuhi kabla ya kazi lazima mtu akwangue barafu kwenye kioo cha gari. Leo nataka kuzungumzia zile picha mnazonitumia za oili ya pikipiki iliyogeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Picha ikifika, nyuma yake unakuja ujumbe: fundi kasema gasketi imekufa, injini ishushwe, tuma hela.

Mimi nasema hivi: hela ya kushusha injini isitoke kwa ajili ya rangi. Rangi ile inatuambia kitu kimoja tu, kwamba maji yameingia kwenye oili na gia zikayapiga pamoja mpaka yakawa povu zito. Yametoka wapi, rangi haisemi. Na matibabu yote yanategemea yametoka wapi.

Nianze na kisa cha huku. Kuna jamaa yetu, Mkenya wa Kisumu, anakaa Prince George's County, ana ile pikipiki ya magurudumu manne wanayoiita ATV. Mjini Washington sheria inakataza kuiendesha barabarani (ingawa siku za jua utaona vijana wanapita nazo kwa makundi, wamenyanyua tairi za mbele), kwa hiyo yeye huipakia kwenye trela mpaka West Virginia, kwenye njia za milimani za Hatfield-McCoy zilizofunguliwa mwaka 2000. Ni safari ya saa nyingi, basi majira ya baridi mashine inalala gereji. Kila Jumamosi anaiwasha dakika tano "isigande", kisha anazima.

Mwezi wa pili akafungua mfuniko wa kujazia oili, ambao kwenye mashine yake upo juu ya kava la klachi. Ndani ya kava kumejaa uji mweupe. Karakana moja ikamwambia sili ya pampu ya maji imekufa, na pengine gasketi ya silinda nayo. Mkijua fundi wa huku analipwa kwa saa, mtaelewa kwa nini jamaa alikosa usingizi.

Sasa tusimdharau aliyesema sili. Kwenye mashine nyingi zinazopoozwa na maji, pampu imefungwa kwenye kava la klachi au jirani yake kabisa. Shafti yake ina sili upande wa maji na sili upande wa oili, na katikati kuna kitundu kidogo cha kutolea kinachovuja. Kitundu kikizibwa na tope na sili zikachoka, maji ya rejeta yanapita hadi kwenye klachi. Hilo lipo na ni baya, maana dawa ya rejeta inakula beringi.

Lakini kuna maji mengine watu huyasahau. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji. Mengi hutoka kwenye ekzosi kama mvuke, machache hupenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye oili. Injini ikipata moto vizuri, mvuke huo hutoka kwenye mpira wa kupumulia. Ukiiwasha dakika tano kwenye baridi ya nyuzi sifuri, mvuke unakwenda kuganda mahali palipo baridi zaidi, na kava la klachi ni bati pana la alumini lililo mbali na moto wa silinda. Ni kama mfuniko wa sufuria ya wali. Kwa hiyo jamaa alikuwa akitengeneza uji ule mwenyewe, kila Jumamosi.

Tulipima hivi. Tulichora alama kwa kalamu kwenye kichupa cha akiba cha maji ya rejeta, wiki mbili maji hayakushuka. Kijiti cha kupimia kilitoka na oili safi, uji ulikuwa kwenye kava na mfuniko tu. Siku ya joto kidogo akaiendesha saa nzima shambani kwa rafiki yake, akamwaga oili ikiwa moto, akaweka mpya. Uji haujarudi.

Sasa nyumbani. Boxer mnazoendesha, na TVS HLX pia, zinapoozwa na upepo. Tazameni silinda, ina mapezi, na hakuna rejeta popote. Kama hakuna maji ndani ya mashine, gasketi ya silinda itavujisha maji gani? Fundi anayesema gasketi ya Boxer imepitisha maji kwenye oili, mwombeni kwa heshima awaonyeshe maji hayo yanakaa wapi.

Maji ya bodaboda yametoka nje. Dar wengi mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 na ya Aprili 2018, na Jangwani haingoji mafuriko makubwa ili ijae. Injini ya moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia mpira wa kupumulia na kwenye sili zilizochoka. Kuna na wale wa kuosha kwa presha wanaoelekeza mpira kwenye injini ambayo bado inatoa moshi. Hao wanatengeneza wagonjwa wengi kuliko mvua.

Naandika kwa ukali kidogo kwa sababu kijana aliye kwenye mkataba analeta hesabu kila siku, mashine ifanye kazi isifanye. Injini ikishushwa, wiki imekwenda, hesabu inadaiwa, na bolti zilizofungwa kiwandani zinarudi kufungwa kwa kubahatisha chini ya mwembe.

Fanyeni hivi kwanza. Pikipiki ilale usiku kucha, asubuhi legezeni nati ya kumwagia oili taratibu, mkinge chupa inayoonyesha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yasiyochanganyika yatatangulia. Yakiwa na tope, jibu mmepata. Kama pikipiki ilizama, msipige kiki kabla ya kutoa plagi na kuangalia kama silinda ina maji, kwani pistoni haiwezi kuyabana na koni ya pistoni itapinda. Safisheni chujio la hewa. Wekeni oili ya bei nafuu, lita moja na kidogo inatosha, endesheni mpaka ipate moto kweli, mwageni. Rudieni mpaka itoke bila weupe, ndipo muweke oili nzuri.

Baada ya hapo, kama injini inapiga kelele lakini pikipiki haivuti, fungueni kava mtazame sahani za klachi, maana maji yakikaa sana yanaziharibu. Sahani na gasketi ya kava ni kazi ya asubuhi moja kijiweni. Hela hiyo mniambie, nitatuma.