Benchi ya paleti ni kazi, isiwe kisingizio cha wakubwa

Vijana wenzetu wa Butembo,

Kila mara kiongozi anaposhika mikro mbele ya vijana, neno ni lile lile: mujitafutie, mujiajiri, muache kungojea kazi ya biro. Sawa. Sisi watatu, kila mmoja na lisansi yake mu kabati, tulitii. Ni mwaka mzima sasa tunatengeneza benchi na meza za bustani kwa paleti za kale na mbao za nyumba zilizobomolewa. Leo tunawaambia namna kazi hiyo inaendeka na pahali inakwama, juu haikwami kwa upande wa nyundo.

Paleti ziko. Mupite nyuma ya depo yoyote ya katikati ya mji: mizigo imetoka Mombasa, imepita Kasindi, imeshushwa, na mbao zilizoibeba zinabaki mu matope mpaka mtu azinunue kama kuni. Barabara ile ile njo inabeba libuyu na muvula ya misitu yetu kwenda Uganda na Kenya. Mti wa maana unatoka, msonobari wa wengine unaingia na misumari yake. Hayo tutayaandika siku ingine.

Kabla ya kulipa, soma muhuri uliochomwa ubavuni. Kuko alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi, halafu herufi zingine mbili. Hizo njo za kuangalia. HT maana yake mbao zilipashwa moto: digrii 56 mpaka katikati ya ubao, kwa dakika 30. Chukua. MB maana yake zilitiwa gazi ya bromidi ya metili ya kuua wadudu, na hiyo ni sumu. Acha, hata kwa bure, na usikubali mama yako aipikie maharagi. Kama hakuna muhuri, ao ubao unanuka dawa, ao una madoa ya mafuta, acha pia. Sisi mwanzoni hatukujua. Tulipiga randa siku mbili, macho yakawasha, tukasema ni vumbi tu.

Paleti ya Ulaya, ile yenye EUR mu alama ya umbo la yai, iko na sentimita 120 kwa 80, na misumari 78. Ukiibomoa kwa nguvu, nusu ya mbao inapasuka. Pitisha msumeno wa chuma katikati ya ubao na kipande kinene cha chini, ukate msumari. Ubao unatoka mzima. Inachukua muda, mikono inauma, lakini muda ndio kitu tuko nacho kwa wingi.

Weka kikalio kwenye sentimita 45 kutoka chini. Acha nafasi ya kidole kati ya mbao ili maji yapite, juu mvua ya Butembo haina huruma. Miguu isiguse udongo: pigilia chini kipande cha mupira wa gari, kama gurudumu la chukudu, ao simamisha benchi juu ya matofali ya kuchoma. Watu wengi wanapaka mafuta ya moteri ya kale. Ni sawa kwa miguu tu. Ukiyapaka kwenye kikalio, bibi harusi akikalia na gauni yake, utalipa wewe.

Benchi moja inakula paleti mbili. Tukihesabu paleti, misumari, verni na chukudu ya kuibeba, inabaki faida ya dola kumi hivi, tunagawanya watatu. Si utajiri. Inalipa chakula na megabaiti.

Sasa tuseme pahali inakwama. Mwezi tuliotoa benchi za kwanza kando ya barabara, watu wa kodi walikuja mara tatu, kila mmoja na serivisi yake. Wa kwanza alikuwa na karatasi. Wa pili alikuwa na kofia. Wa tatu hakuwa na kitu, aliomba ya kinywaji. Tulipouliza patente ni ngapi na inalipwa wapi, kila mmoja alitaja bei yake. Halafu mkubwa mmoja aliyetupongeza mbele ya watu kuwa sisi ni mfano mzuri aliagiza benchi ine kwa bustani yake. Alilipa moja. Mbili alituma dereva azichukue, na mpaka leo simu yake haiitike.

Musituelewe vibaya. Kazi hii hatuioni haya, na kijana mwenye diploma anayechekea mwenzake mwenye randa anajidanganya mwenyewe. Tunachokataa ni nyundo yetu kugeuzwa jibu la serkali. Kifungu cha 36 cha Katiba kinasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu kwa kila Mkongomani, na kwamba serkali inahakikisha haki hiyo na ulinzi dhidi ya kukosa kazi. Hakisemi mujitafutie, kisha tuje kuwapokonya.

Kwa hiyo tunaomba meya mambo mawili ambayo hayana gharama kubwa. Bei ya patente ya mafundi wadogo ibandikwe mlangoni pa komini zote ine, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, na asiye na karatasi ya malipo asidai kitu. Na benchi za masomo ao za biro za serkali zikinunuliwa, tangazo litoke wazi na sisi tushindane; sheria ya tarehe 27 Aprili 2010 juu ya masoko ya serkali inataka hivyo.

Siku ya posho, kisha salongo, tutaonyesha namna ya kusoma muhuri na kukata misumari. Muje na msumeno, ule mmoja tulio nao umekuwa butu.

Benchi ya ine ya yule mkubwa tuliikataza dereva. Iko mbele ya parseli, mama wanaotoka sokoni na mizigo wanaikalia.