Siku ya Mapumziko: Kuchagua Kilima cha Kutembea na Watoto

Mtu asimamaye alfajiri katika mojawapo ya avenyu za Mutakura na kuuelekeza uso wake mashariki huiona milima karibu sana, kana kwamba ingemtosha kuvuka Kamenge tu ili aiguse kwa mkono. Ukaribu huo ndio uwadanganyao wengi. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha kiasi cha mita 775 juu ya usawa wa bahari. Mgongo wa milima utenganishao maji yaendayo Kongo na yale yaendayo Mto Naili unapita mita 2,000, na Mlima Heha, ulio mrefu kuliko yote ya Burundi, unapita mita 2,600. Tofauti yote hiyo imebanwa katika kipande cha nchi ambacho, kama kingepimwa kwa mstari ulionyooka, kisingezidi kilomita thelathini.

Wenyeji waliigawa nchi hiyo zamani na kuipa majina matatu. Bonde la chini lenye joto ni Imbo, na humo ndimo ilimo Mutakura pamoja na mji wote. Mteremko mkali, wenye mabonde membamba na udongo mwekundu, ni Mumirwa. Juu kabisa, penye baridi, ukungu, ng'ombe na chai, ni Mugamba. Jamaa itakayo kwenda matembezi haina budi kwanza kujua ni katika nchi ipi kati ya hizo tatu itakapoitumia siku yake, maana kila moja ina desturi zake kwa miguu ya mwanadamu.

Wakati wenyewe ni huu wa kiangazi, Juni hadi Agosti, ambao watu wa pwani huuita kipupwe na Warundi huuita Ici. Mvua zimekatika, njia za udongo zimekauka, nao watoto hawaendi shule katika sehemu kubwa ya majira hayo. Lipo tatizo moja tu ambalo wageni huliona mapema kuliko wenyeji: hewa hujaa vumbi na moshi wa majani yachomwayo, na milima ya Kongo iliyo ng'ambo ya ziwa, juu ya Uvira, hufichika hata wiki nzima. Atakaye kuwaonyesha wanawe milima hiyo atabahatika zaidi siku moja baada ya mvua kubwa, lakini siku hiyo njia huteleza. Mambo hayo mawili ni shida kuyapata pamoja, na kwa mwenye watoto wadogo njia kavu ina thamani kuliko macho kufika mbali.

Sasa ipo habari ya baba wa nyumba. Askari wa jeshi au wa polisi hupata siku chache za mapumziko, na mara nyingi hazilingani na zile za jirani zake; zamu ndizo zimpangiazo. Siku hiyo ikipatikana, yeye hutaka kuitumia vizuri, na pengine hapo ndipo aiharibupo. Amezoea kwenda kwa miguu akiwa na mzigo mgongoni, katika safu ambayo mwendo wake huamriwa na mkubwa. Huanza kupanda kwa mwendo uo huo, na watoto humfuata kwa furaha kwa muda wa nusu saa. Katika saa ya pili yule mdogo huketi chini na kukataa. Mama amebeba kikapu na pengine mtoto mgongoni, wala hakuna aliyemwuliza. Baba husema, “Bado kidogo tu, tunafika.” Baada ya hapo hakuna asemaye neno hadi nyumbani, na mapumziko yajayo, matembezi yakitajwa, kila mtu ana kazi yake.

Kosa la baba huyo halikuwa ukosefu wa nguvu wala wa nia njema. Aliuchagua mlima kwa kipimo chake yeye, ilhali kipimo cha jamaa ni yule aliye dhaifu kuliko wote siku hiyo. Yaweza kuwa mtoto wa miaka mitano, au bibi aliyetoka mkoani kuwatembelea, au mama mjamzito, au hata baba mwenyewe aliyetoka zamu ya usiku.

Kuna hesabu ya zamani ifaayo kukumbukwa na kila mtu, na watu wa vikosi huenda wameisikia katika mafunzo ya kusoma ramani. Mwaka 1892 Mskochi mmoja mpanda milima, William Naismith, alipendekeza kwamba mtu mwenye afya ahesabu saa moja kwa kila maili tatu za njia, yaani karibu kilomita tano, kisha aongeze saa nyingine nzima kwa kila futi 2,000 za kupanda, ambazo ni kama mita 600. Hebu itumike hapa. Kilomita sita juu ya ardhi tambarare ya Imbo ni mwendo wa saa moja na dakika kumi na mbili. Kilomita sita zizo hizo kutoka Kamenge hadi kwenye kilima cha Mumirwa kilichoinuka mita 600 juu yake ni saa mbili na dakika kumi na mbili. Hesabu hiyo ni ya mtu mzima asiyepumzika. Kwa jamaa yenye watoto ni busara kuizidisha mara mbili. Ndipo ionekanapo kwamba kilima kile “cha karibu” kimekula zaidi ya saa nne kwa kupanda peke yake, na bado kuteremka, ambako magoti huumia na viatu vibovu hujulikana.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mtu aijuaye njia si “Ni kilomita ngapi?” bali “Inapanda kiasi gani?” Majibu ya wenyeji wa vilimani yapokewe kwa heshima na kwa tahadhari pia. Mwanamke ashukaye kila siku na shada la ndizi kichwani kwenda sokoni husema kwa moyo safi kwamba ni karibu.

Kwa jamaa ianzayo, matembezi mepesi kuliko yote ni ya Kiriri. Basi huwafikisha mjini kati, kisha huanza kupanda taratibu kwenye barabara nzuri, yenye kivuli hapa na pale, kuelekea kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Kijana huyo alikiongoza chama chake cha UPRONA kushinda uchaguzi wa Septemba 1961, akawa Waziri Mkuu, na aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, kabla nchi haijapata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Mtoto aliyeisoma habari hiyo darasani huielewa kwa namna nyingine anapoisikia mahali hapo, na mji, bandari na ziwa vimelala chini ya miguu yake. Faida nyingine ya Kiriri ni kwamba kila hatua ya njia inaruhusu kurudi. Mtoto akichoka, mji uko nyuma yake, na basi liko katika mji.

Matembezi ya namna ya pili humshangaza mtu kwa kuwa hupanda juu zaidi na hata hivyo huchosha kidogo. Siri ni kuiachia gari kazi ya kupanda. Barabara ya Taifa Namba 1 hupita Kamenge na kupinda-pinda hadi Bugarama, kwenye soko la karoti, kabichi na viazi, karibu mita 2,200 juu ya bahari. Jamaa ikishuka huko hujikuta tayari Mugamba. Njia za pembeni hufuata migongo ya vilima badala ya kuikata, na mbele zaidi kuelekea Kayanza yako mashamba ya chai ya Teza, ambako barabara za udongo za kati ya chai hupanda polepole sana. Saa mbili za kutembea huko ni nyepesi kuliko saa moja ya Mumirwa.

Lakini baridi isidharauliwe. Joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi sita kwa kila mita elfu moja za kupanda, hivyo Bugarama ina upungufu wa nyuzi nane au tisa kulinganisha na Mutakura, kabla ya kuutaja upepo na ukungu. Mtoto aliyetoka nyumbani na fulana nyembamba, akatoa jasho, kisha akaketi kula, hutetemeka katika dakika chache. Sweta moja kwa kila kichwa, na kofia kwa mtoto mchanga, ni mzigo mdogo. Msitu wa Kibira ulio jirani ni jambo jingine. Hiyo ni hifadhi ya taifa yenye sokwe na mbega, huingiwa kwa idhini na kwa kiongozi, tena baada ya kuulizia hali ya usalama. Si mahali pa kupotelea na watoto kwa kufuata kijia kizuri.

Tena watu wasitembee kwenye lami ya barabara hiyo kwa kisingizio chochote. Waendesha baiskeli waliosheheni ndizi au makaa huteremka humo kwa kasi ya kuogofya, na wapandapo hushikilia nyuma ya malori. Katika kona hakuna nafasi ya lori, baiskeli na mtoto kwa wakati mmoja.

Wapo watakaosema kwamba basi ni gharama, na kwamba katika miaka ya karibuni uhaba wa petroli umeifanya safari ya kwenda na kurudi kuwa bahati nasibu. Ni kweli. Kwao iko namna ya tatu, ya kutoka mlangoni kwa miguu: kuvuka Kamenge, kufika kwenye vilima vya kwanza, kupanda mita mia moja au mia mbili tu, kuketi penye kivuli, kula, na kurudi. Jambo moja tu lizingatiwe hapa, nalo ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Njia ichaguliwe juu ya mgongo wa kilima, isiwe ndani ya korongo. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua iliyonyesha juu ya vilima hivyo ilishuka kwa makorongo na kuziingia kata za kaskazini mwa Bujumbura, Kamenge na Kinama zikiwamo. Watu zaidi ya sitini walipoteza maisha, na nyumba nyingi zilibomoka. Wakazi wengi wa Mutakura wanayakumbuka maji yale. Korongo lililokauka mwezi wa Julai huvutia, maana lina mchanga laini, kivuli na mawe ya kuchezea. Mtoto alizoeaye Julai hulirudia Novemba peke yake, wakati mvua yaweza kuwa inanyesha kilomita kumi juu yake ilhali kwake jua linawaka. Afadhali asilizoee.

Wengine hudhani ya kuwa njia tambarare ndiyo iliyo rahisi daima, wakaelekea delta ya Mto Rusizi, kwenye barabara ya Gatumba. Kwa miguu ni rahisi kweli. Lakini mafuriko ya 2020 na ya 2024 yaliwahamisha maelfu ya watu wa Gatumba, maji yamebadilisha mipaka ya mahali pa kukanyaga, na viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni. Mamba nao wapo; yule aliyepewa jina la Gustave alivuma hata ng'ambo kwa ukubwa wake. Huko watu waende mchana, pamoja na mlinzi wa hifadhi, nao wakae mbali na ukingo.

Kuhusu mavazi, sare ibaki nyumbani. Njia za Mumirwa hupita kati ya nyua za watu, kwa kuwa Warundi hawakuzoea kujenga vijiji vya kusongamana. Kila rugo iko juu ya shamba lake. Vilima hivyo viliona mengi katika vita vilivyoanza mwaka 1993, na mtu mwenye sare atokeaye ghafula nyuma ya migomba huwafanya wenyeji wajiulize maswali. Baba aliyevaa shati la kawaida, akasema “Mwaramutse” kabla hajapita mbele ya nyumba, hujibiwa kwa ukarimu na huonyeshwa njia iliyo bora. Buti zake anaweza kuzivaa. Wanawe nao wavae viatu vyenye kamba, kwani kandambili kwenye mteremko wenye vumbi juu ya udongo mgumu humwangusha hata mtu mzima.

Maji yatoke nyumbani yakiwa yamechemshwa, kwa kadiri ya nusu lita kwa kila saa ya mtu mzima, wala mito ya mjini isinywewe hata ikionekana safi, kwa sababu kipindupindu kimekuwa kikizuka mara kwa mara katika bonde la Imbo. Viazi vitamu vya kuchemsha, mayai na karanga hushinda vitu vya sukari, ambavyo humpa mtoto mbio za dakika kumi na kumwacha palepale.

Saa za siku ni fupi kuliko zidhaniwavyo. Jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili, na baada ya kutua giza huingia upesi. Jamaa iondoke saa moja asubuhi, wakati Mumirwa bado ina kivuli upande wa ziwa. Kabla ya kutoka mlangoni mama ndiye atamke saa ya kugeuka, tuseme saa nne na nusu, na baba aikubali kama aikubalivyo amri ya kazini. Saa hiyo ikifika hugeuka papo hapo, hata kama kilele kimebaki hatua mia mbili. Waliogeuka saa nne na nusu huwa wako Mutakura mnamo saa nane, na mdogo bado ana nguvu za kuwasimulia majirani.