Kanda Iliyo Sandukuni

Msomaji mpendwa, leo naomba uinuke, ukafungue lile sanduku lililo chini ya kitanda. Huenda, chini ya vitenge na vyeti vya ubatizo, utakuta kanda ya video: ya harusi, ya upadrisho, au hata ya Septemba 1990, Papa Yohane Paulo wa Pili alipofika Songea. Uliitazama lini mara ya mwisho? Nadhani hukumbuki, maana deki yenyewe iliharibika zamani, sasa kuku wanailalia.

Nakuuliza kwa sababu ya mama mmoja wa Mbamba Bay. Mumewe alifariki mwaka 2003, binti yao wa mwisho akiwa na miezi 3. Binti huyo amekuwa mtu mzima, wala hajapata kumsikia baba yake akisema neno. Sauti ya marehemu ilibaki mahali pamoja tu, katika kanda ya harusi yao ya mwaka 1997.

Krismasi iliyopita mwanawe mkubwa alikuja kutoka Songea na kompyuta, deki ya kuazima, na kifaa kidogo cha kunasa picha, ukubwa wake kama kiberiti. "Mama," akasema, "nitaigeuza kanda hii iwe ya HD, kama televisheni za siku hizi."

Nilikuwapo. Nakueleza jinsi kazi ilivyokwenda, ili nawe uiweze.

Kwanza alikagua kanda. Unyevu wa ziwani huleta kuvu. Ukiona unga mweupe juu ya utepe, usiitie katika deki: itachafua deki, na uchafu huo utahamia kanda nyingine. Mpelekee fundi aisafishe. Kanda ya mama huyu ilikuwa safi, kwa kuwa aliitunza katika debe lenye kifuniko. Kijana akavunja kile kijipande cha plastiki kilicho mgongoni mwa kanda, mtu asije akabonyeza vibaya akarekodi juu yake.

Kisha akaunga nyaya 3: wa njano kwa picha, mwekundu na mweupe kwa sauti. Nyaya hizi hutoka katika deki na kuingia katika kifaa, nacho huchomekwa katika tundu la USB la kompyuta. Programu ya kurekodi iko ya bure, iitwayo OBS. Njia ya mkato hakuna: kifaa hunasa kanda ikicheza, na kanda ya saa 3 hutaka saa 3 kamili.

Picha ilipotokea, kijana alisikitika. Alichagua kipimo cha HD cha mistari 1080, lakini nyuso hazikuwa angavu hata kidogo. Sababu yake si ngumu. Kanda ya VHS, iliyotoka Japani mwaka 1976, katika mfumo wetu wa PAL huonyesha mistari 576 tu. Ukimimina kibaba cha unga katika debe, hupati debe la unga. Kifaa hunasa kilichopo, hakiongezi. HD ya kweli hutoka katika kamera ya HD, iliyoungwa kwa waya wa HDMI na kifaa kinachopokea waya huo. Kwa kanda ya zamani, mistari 576 yatosha. Tena acha umbo lake la nne kwa tatu. Ukiinyosha ijaze kioo kipana, bibi arusi atanenepa bila kula.

Kijana akataka kuzima. "Mama, haifai. Picha ni mbaya."

Mama akamshika mkono. Wakati huo baba alikuwa akiwashukuru wageni, kisha akacheka. Binti alikuwa jikoni akichambua usipa. Akatoka na ungo mkononi, akauliza, "Nani huyo anayecheka kama mimi?"

Hakuna aliyejibu upesi. Wala kompyuta haikuzimwa mpaka kanda ilipokwisha.

Basi, msomaji, usingoje kifaa bora kuliko hicho. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho kuunda deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016, na kanda zenyewe zinazidi kuchakaa. Kama huna uwezo peke yako, shirikianeni katika jumuiya yenu ndogondogo. Deki moja na kifaa kimoja vyatosha nyumba zote. Ukirekodi kwa megabiti 8 kwa sekunde, saa moja itachukua gigabaiti 3.6. Tengeneza nakala 2: moja ikae nyumbani, nyingine kwa mtoto aliye mbali, ili moto au mwizi asichukue zote. Kanda yenyewe usiitupe.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa na wengi. Kanda ikicheza, mwite mzee akae karibu, ataje watu wanaopita, nawe uandike katika daftari: huyu ni fulani, mwana wa fulani, wa kijiji fulani. Mama yule alitaja watu 14 ambao sasa ni marehemu, na baadhi yao watoto wake hawakuwajua kabisa. Pasipo jina, babu yako atakuwa mgeni tu aliyepita katika picha.

Haya, inuka. Sanduku linakungoja.