Raia Ameahidi Kutobeba Silaha. Dola Imeahidi Nini?

Miezi kadhaa baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni 2024, mwanafunzi wangu mmoja alibaki darasani wenzake walipoondoka. Alitoa mfukoni ganda la risasi, akaliweka juu ya meza yangu, akasema aliliokota karibu na majengo ya Bunge siku ile. Kisha akaniuliza: "Daktari, kama raia wa nchi hii tungekuwa na haki ya bunduki waliyo nayo Wamarekani, risasi hii ingefyatuliwa?"

Nilikuwa nimetoka kufundisha mada ya katiba ya Marekani, nami nikampa jibu la mwalimu aliyechoka: bunduki zikizidi, vifo huzidi. Jibu hilo ni la kweli, ila halikuwa jibu la swali lake. Hakuniuliza kama bunduki huua. Hilo alilishuhudia kwa macho yake. Aliniuliza ni nani atakayemzuia anayeua kwa jina la dola. Makala haya ni jibu nililostahili kumpa siku ile.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wanaharakati wa haki ya bunduki nchini Marekani huchorwa kwetu kama watu wasiojua kufikiri, na huo ni uvivu wetu. Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanawataja wanamgambo na haki ya watu kumiliki silaha ndani ya sentensi moja, na wanasheria wamebishana kwa vizazi kama haki hiyo ni ya wanamgambo au ya kila mtu. Mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia dhidi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba ni haki ya mtu binafsi, ingawa si haki isiyo na mipaka. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ikaifuta sheria ya New York iliyomtaka mwananchi athibitishe sababu maalumu kabla ya kuruhusiwa kubeba bastola hadharani.

Nyuma ya hukumu hizo kuna hofu ambayo Mwafrika hana budi kuielewa. Mwaka 1956, baada ya nyumba yake mjini Montgomery kulipuliwa kwa bomu, Martin Luther King aliomba kibali cha kubeba bunduki, akanyimwa. Mwaka 1964, katika mji mdogo wa Jonesboro, Louisiana, wanaume Weusi waliunda kikundi cha Deacons for Defense kuwalinda watetezi wa haki za raia dhidi ya Ku Klux Klan, kwa kuwa polisi hawakuwalinda. Sina ujasiri wa kumwambia mtu wa Jonesboro kwamba alikosea.

Hata hivyo, tuitazame haki hiyo ilivyofanya kazi alipoidai mtu asiye na nguvu. Mnamo Mei 1967, wanachama wa Black Panther waliingia na bunduki zao katika jengo la bunge la California mjini Sacramento. Walikuwa wakipinga mswada wa kuharamisha ubebaji wa bunduki zilizojazwa risasi hadharani, mswada uliotokana na doria zao za kuwafuatilia polisi wa Oakland. Mswada ukapita, na gavana aliyeutia sahihi akawa Ronald Reagan. Ni Reagan huyo huyo ambaye mwaka 1980 aliungwa mkono na NRA, chama kikuu cha watetezi wa bunduki, alipowania urais. Miaka mingi baadaye, mwaka 2016, Philando Castile alisimamishwa na polisi barabarani katika jimbo la Minnesota. Alikuwa na kibali cha bastola, akamwarifu afisa kwa adabu kwamba anayo. Alipigwa risasi, akafa. Mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama lilimwona afisa huyo hana hatia.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaharakati hao. Wanasema bunduki humlinda mnyonge dhidi ya dola. Historia yao wenyewe inaonyesha kwamba haki ya bunduki huufuata mgawanyo wa nguvu uliopo; haiugawi upya. Aliyeaminiwa na dola kabla ya kubeba bunduki ataendelea kuaminiwa akiibeba. Aliyeshukiwa kabla ya hapo atakuwa amempa afisa sababu ya kufyatua.

Na gharama yake ni kubwa. Mwaka 2021 pekee, zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa bunduki nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Silaha iliyonunuliwa kwa ajili ya dhalimu wa kesho humkuta kwanza mwenye nyumba katika usiku wake mbaya. Wala wingi wa silaha hauleti ulinzi wenyewe. Mei 2022, huko Uvalde, Texas, watoto 19 na walimu wawili waliuawa shuleni, na maafisa wenye silaha walifika mapema, wakaongezeka hadi kuwa mamia, lakini ikapita zaidi ya saa moja kabla ya kumkabili muuaji. Kilichokosekana pale hakikuwa bunduki. Kilikosekana wajibu.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa nasi hatuna haki ya kujitapa. Udhibiti wa silaha nchini Kenya haukuzaliwa kwa nia njema. Mnamo Novemba 1956, Dedan Kimathi alifikishwa mbele ya mahakama mjini Nyeri kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi zake. Februari 1957 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Sheria yetu ya bunduki, Sura ya 114, ina mizizi katika miaka hiyo hiyo ya ukoloni. Ilikusudiwa kumlinda mtawala dhidi ya mtawaliwa, na harufu hiyo haijaitoka. Bastola halali ya Kenya ya leo ina makao yake katika kiuno cha mwanasiasa na mfanyabiashara, si katika kibanda cha mama mboga anayefunga biashara saa nne usiku.

Tukiri pia kwamba mwaka 2013, katika shambulio la Westgate, baadhi ya raia wenye leseni waliingia jumbani na kuwaokoa watu wakati vikosi vya serikali vilikuwa bado havijajipanga. Na tumsikilize mfugaji wa kaskazini mwa Bonde la Ufa anayeamriwa kusalimisha bunduki yake ilhali jirani yake bado anayo na kituo cha polisi kiko mwendo wa siku nzima. Mfugaji huyo na mtu wa Jonesboro wanaongea lugha moja.

Pamoja na hayo yote, msimamo wangu ni kwamba Kenya isiifuate Marekani, na udhibiti wetu uwe mkali. Lakini udhibiti mkali ni mkataba, na mkataba una pande mbili. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Maneno hayo mawili, "bila silaha", ni ahadi ya raia. Vijana wengi waliotoka Juni 2024 waliitimiza kwa kubeba bendera, simu na chupa za maji. Upande wa pili ulijibu kwa risasi za moto, na makumi ya vijana hawakurudi nyumbani.

Ahadi ya dola nayo imeandikwa. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo, iliyotiwa sahihi katika mji wetu wenyewe mwaka 2004, haishughuliki na bunduki za raia pekee. Inazitaka serikali pia zihesabu silaha zao zenyewe, zizihifadhi kwa usalama na kuwajibika kwazo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 inamtaka afisa mwenye sare aonyeshe jina au nambari yake, na inataka matumizi ya silaha yaliyosababisha kifo yaripotiwe kwa IPOA. Tuliyoyaona barabarani ni nyuso zilizofunikwa na magari yasiyo na nambari.

Kwa hiyo, wanaharakati, msipoteze nguvu zenu kudai bunduki. Daini daftari. Kila bunduki na kila risasi itokayo ghalani iandikwe jina la aliyeipokea, na daftari hilo lifunguliwe kwa wachunguzi bila kubembelezana. Daini pia kwamba bodi ya leseni itangaze kila mwaka, kwa kila kaunti, ni wangapi walioomba, waliopewa na waliopokonywa. Nanyi watumishi wa umma mnaosoma haya, hasa mnaoshika kalamu katika maghala hayo, jueni kwamba mstari mmoja ulioandikwa kwa uaminifu unaweza kumlinda kijana kuliko bastola ambayo angeinunua.

Siku ile nilimshauri mwanafunzi wangu alipeleke lile ganda kwa wachunguzi. Alilitazama, akalirudisha mfukoni, akaniuliza swali la pili: "Nikilipeleka, Daktari, wataweza kujua ni la nani?"

Sikuwa na jibu. Serikali inayomtaka aendelee kuandamana mikono mitupu inadaiwa kuwa nalo.