Si upepo mbaya: majibu kwa madai kuhusu kiharusi

Kiharusi kikimpata mtu Dzaleka, wilayani Dowa, au Mitundu, kusini mwa jiji la Lilongwe, maelezo hufika kabla ya gari. Waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda wana yao, wenyeji Wachewa wana yao. Mengi yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yanaaminika. Tuyapime moja moja kwa yale ambayo utafiti umeonyesha, hasa wa Malawi kwenyewe.

"Ni upepo mbaya, amerogwa."

Mtu amelala mzima, ameamka mdomo umekwenda upande na mkono haunyanyuki. Lazima atafutwe wa kulaumiwa. Watafiti waliowahoji watu wa Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Tanzania, waliikuta imani ya mapepo na uchawi imeenea zaidi Dar kuliko vijijini Hai, kwa hiyo tusiwasingizie wanakijiji. Kilichotokea ni kwamba mshipa wa damu ubongoni umeziba au umepasuka. Upande wa kulia wa ubongo huongoza upande wa kushoto wa mwili, na wa kushoto huongoza wa kulia, ndiyo maana hulegea nusu moja. Maombi hayana aliyeyakataza. Yafanyike ndani ya gari.

"Ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi."

Mwaka 2008 na 2009, Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, ilifuatilia wagonjwa 147 wa kiharusi. Theluthi moja walikuwa na VVU, na wastani wa umri wa hao ulikuwa takriban miaka 40. Utafiti mwingine wa hapohapo, uliochapishwa 2016, ulilinganisha wagonjwa 222 na watu 503 wasio na kiharusi. Presha ilibeba asilimia 46 ya mzigo wa kiharusi, VVU asilimia 15. Kwa vijana, mchango wa VVU ulipanda hadi asilimia 42. Kijana anayebeba magunia sokoni yumo katika hesabu hii.

"Basi ARV ndizo zinazoleta."

Dai hili ni la hatari kwa sababu lina nusu ya ukweli. Utafiti huohuo wa 2016 uliona hatari ikipanda sana katika miezi sita ya kwanza ya kutumia dawa hizo za VVU. Watafiti wanashuku kwamba kinga ya mwili, inapoanza kupata nguvu, huchochea uvimbe kwenye mishipa. Lakini wenye VVU ambao hawakuwa na dawa kabisa nao walikuwa katika hatari kubwa kuliko wasio na virusi. Funzo lake ni kuanza dawa mapema, kabla kinga haijaporomoka, na kufuatiliwa kwa karibu miezi hiyo. Kuziacha hakumo.

"Presha yangu imepona, najisikia vizuri."

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 uliwakuta na presha karibu theluthi ya Wamalawi wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Zaidi ya tisa katika kila kumi kati yao hawakujua. Presha haiumi, hivyo kujisikia vizuri hakuthibitishi lolote. Namba ikishuka, dawa ndiyo imeishusha. Ukiiacha, itapanda tena. Anayelalamika kwamba dawa zimeisha zahanati au nauli hana, huyo ana hoja. Hoja hiyo aipeleke kwa wanaosimamia huduma, asiigeuze kuwa ushahidi kwamba amepona.

"Hospitali zetu hazina mashine, tuhangaike ya nini?"

Ni kweli kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba hakuna damu inayovuja. Kwa mgonjwa anayesubiri rufaa kutoka Dzaleka hadi Lilongwe, saa hizo huisha njiani.

Lakini mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha jaribio ambalo wauguzi walipewa kanuni za mambo matatu tu: homa, sukari na kumeza. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42, dhidi ya 58 katika wodi nyingine. Huko mashine zilikuwapo pande zote mbili. Tofauti ililetwa na uuguzi. Kwetu ndugu ndiye anayemlisha mgonjwa, na uji anaompa kwa upendo unaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Kabla ya kijiko cha kwanza, muulize muuguzi: amepimwa kumeza?

"Mpe aspirini upesi, kisha mchanje chale."

Majaribio mawili ya mwaka 1997, yenye wagonjwa takriban 40,000 kwa jumla, yalionyesha kwamba aspirini husaidia ikianza ndani ya saa 48, mshipa ukiwa umeziba. Ukiwa umepasuka, inaweza kuongeza uvujaji, na kwa macho hakuna awezaye kutofautisha. Muda wa kufika hospitali kwanza upo. Chale hupoteza muda huo.

"Mazoezi ya nyumbani yanatosha."

India walilijaribu hilo katika hospitali 14, kwa wagonjwa 1,250, wakawafundisha ndugu wa baadhi yao kazi ya mazoezi. Matokeo ya 2017: baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti kati yao na wale ambao ndugu zao hawakufundishwa. Mazoezi yaendelee, ila ndugu hawezi kuziba pengo la mtaalamu. Anachoweza ni kuhakikisha dawa ya presha inamezwa kila siku, kwani aliyepata kiharusi kimoja yuko karibu na cha pili.

Dzaleka, kambi iliyokusudiwa watu wasiozidi 12,000, sasa ina zaidi ya 50,000. Anayetaka kuidai huduma kwa niaba yao aanze na dawa za presha zisizokatika na muuguzi anayejua kupima kumeza. CT iombwe pia, baada ya hayo.